Bango Hupigwa Picha Kati ya Magharibi na Isha: Mwongozo wa Kupiga Picha Mabango na Moteli za Zamani za Route 66

Bango la moteli la miaka ya 1950 halikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Lilitengenezwa kwa ajili ya dereva aliyechoka. Ametoka Oklahoma alfajiri, jua linamzamia Texas, watoto wanagombana kiti cha nyuma, na mwenye moteli ana sekunde chache tu za kumfanya akanyage breki hapa na si kwa jirani. Ndiyo maana mshale ni mkubwa kuliko mlango, na nyota zinawaka na kuzima bila kupumzika. Ukilishika hilo, maswali mengi ya kupiga picha yanajijibu yenyewe: usimame wapi, uje saa ngapi, uache nini ndani ya fremu.

Barabara yenyewe kwa ufupi. Route 66 ilipewa namba yake Novemba 1926, ikaunganisha Chicago na Santa Monica kupitia majimbo 8, kama kilomita 3,900. Mwaka 1956 Rais Eisenhower wa Marekani alitia saini sheria ya barabara kuu mpya, zile pana zinazokwepa katikati ya miji. Mji mmoja baada ya mwingine ukarukwa. Wa mwisho ulikuwa Williams, Arizona, Oktoba 1984, na mwaka uliofuata Route 66 ikafutwa rasmi. Mabango mengi yalibaki kwa sababu wenyewe hawakuwa na hela ya kuyabadilisha. Wenye hela waliyaondoa: kampuni ya hoteli ya Holiday Inn ilikuwa na bango lake kubwa la kijani, lenye nyota juu na mshale wa taa, tangu 1952, mwaka 1982 ikaamua kuweka ya plastiki yasiyo na gharama ya matunzo.

Hatua ya 1: Chagua kipande, usiifukuzie barabara nzima

Wageni wengi hutaka kumaliza Chicago hadi Santa Monica kwa wiki mbili. Watapiga picha, lakini nyingi zitakuwa za saa sita mchana, maana ndipo watakapokuwa wamefika. Chagua miji miwili au mitatu na ulale hapo. Missouri una Munger Moss Motel mjini Lebanon, yenye bango la 1955, na Boots Court mjini Carthage, jengo jeupe la kona za mviringo lililoanza 1939. New Mexico una Tucumcari, ambako Blue Swallow Motel ina mbayuwayu wa neoni, yaani mirija ya kioo yenye gesi inayowaka, na gereji ndogo kando ya kila chumba. Arizona una Holbrook, kwenye Wigwam Motel ya 1950: vyumba 15 vya zege vyenye umbo la hema la Wahindi Wekundu, na magari ya zamani yameegeshwa mbele ya milango.

Kabla ya kuondoka, hakikisha bango bado lipo. Niliwahi kuendesha gari kwa muda wa saa tatu kufuata bango nililoliona mtandaoni, nikakuta nguzo mbili na shimo. Tangu siku hiyo nafungua picha za mtaani za ramani ya Google na kutazama tarehe iliyoandikwa pembeni, mwezi na mwaka. Kama ni ya miaka mitano iliyopita, napiga simu kwenye duka la jirani na kuuliza. Kumbuka pia kwamba barabara yenyewe ilihamahama. Huko New Mexico, kwa mfano, hadi 1937 ilipanda kupitia Santa Fe, kisha ikanyooshwa kuelekea Albuquerque. Ukitafuta vitu vya miaka ya 1950 kwenye njia ya kabla ya 1937, utachoma mafuta bure.

Hatua ya 2: Jua bango linatazama wapi

Hili ndilo jambo nililochelewa zaidi kulielewa, na hakuna kamera ghali itakayokuokoa nalo.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua linalopita utosini, mara likaegemea kaskazini, mara kusini, kufuatana na mwezi. Huku mchana jua liko kusini siku zote, mwaka mzima. Sasa fikiria barabara inayokwenda mashariki na magharibi, kama Route 66 sehemu kubwa ya safari yake kuanzia Oklahoma. Moteli iliyojengwa upande wa kaskazini wa barabara inatazama kusini, kwa hiyo uso wake unapata jua karibu siku nzima. Ile ya ng'ambo, inayotazama kaskazini, inakaa kivulini miezi mingi. Utaipata na jua usoni alfajiri au jioni ya kiangazi tu, Juni na Julai hasa.

Bango ni habari nyingine. Halikutazamana na barabara kama jengo. Limekaa kwa ubavu ili dereva alisome akija. Kwa hiyo uso wake mmoja unatazama mashariki na wa pili magharibi, na kila uso una saa yake: wa mashariki asubuhi, wa magharibi alasiri. Ndiyo kusema moteli moja inaweza kukudai safari tatu kwa siku. Mimi nachora mchoro mdogo kwenye daftari, mstari wa barabara, kisanduku cha jengo, kistari cha bango, kisha naandika saa kandokando. Programu za simu zinazoonyesha njia ya jua ni nzuri, ila kalamu na dira vinatosha.

Hatua ya 3: Vifaa

Usijitwishe mzigo. Kamera yoyote unayoweza kuiendesha kwa mkono bila kutegemea mpangilio wake wa kujiamulia, lenzi ya 35 mm, nyingine ndefu kati ya 70 na 100 mm, tripodi nzito kidogo maana upepo wa Texas haupigi hodi, tochi, na kitambaa cha kufutia vumbi. Ongeza riflekta, kile kizibao cha mafundi wa barabarani. Kama una simu tu, nenda na simu. Nitasema chini namna ya kuitumia.

Hatua ya 4: Picha za mchana

Anza mbali. Rudi barabarani mita 150 au 200, kwenye ukingo salama, mahali ambapo dereva angeliona bango kwa mara ya kwanza, na upige kwa lenzi ndefu. Hiyo ndiyo picha ambayo watu wengi huiruka, nami naiona ndiyo ya maana kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha bango likifanya kazi yake: anga, barabara, nyaya, nyumba za jirani, na kile kitu kimoja kinachopiga kelele katikati yake.

Kisha sogea hadi bango na jengo viingie pamoja. Hapa ndipo nguzo huanza kuanguka nyuma. Bango la Roy's pale Amboy, California, lililosimamishwa 1959, lina urefu wa kama mita 15. Ukisimama chini yake na kuinua kamera, litaonekana linalala chali. Dawa ni kurudi nyuma na kutumia lenzi ndefu zaidi, kamera ikiwa imenyooka. Pasipokuwa na nafasi, acha hewa ya kutosha pembeni ili unyooshe baadaye kwenye kompyuta bila kukata mshale.

Mwisho karibia. Piga kutu, rangi iliyobanduka na kuonyesha jina la mmiliki wa kwanza chini yake, kibati cha fundi aliyelitengeneza, tundu za balbu zilizogeuka viota vya ndege. Kwa vitu hivi mwanga wa ubavuni ndio mzuri, maana unaamsha kila mkwaruzo. Soma na maneno pia. Bango likijisifu kwamba vyumba vina televisheni ya rangi au hewa iliyopozwa, limekuambia lilizaliwa enzi zipi. Pembe za bumerangi na nyota zenye miiba pande zote ni mtindo wa enzi za mbio za anga za juu, ule waliouita Googie kwa jina la mkahawa wa Los Angeles uliosanifiwa na John Lautner mwaka 1949.

Ukitaka mwalimu wa picha za mchana, mtafute John Margolies, aliyefariki 2016. Alizunguka Marekani kwa miongo kadhaa akipiga majengo ya kando ya barabara, na Maktaba ya Bunge la Marekani ina slaidi zake zaidi ya 11,000, huru kutazamwa na kutumiwa na yeyote. Alipenda asubuhi, anga ya buluu, bila mtu, bila gari. Binafsi nadhani alikuwa mkali mno. Mtu akipita na mkokoteni wa nguo za kufua mbele ya moteli, mimi nampiga. Lakini chukua slaidi zake za mji unaokwenda, zitie kwenye simu, usimame pale pale aliposimama. Utajua papo hapo nini kimeondoka.

Hatua ya 5: Neoni, na dakika zako ishirini

Wapiga picha huita muda huu saa ya buluu. Mswahili hahitaji jina jipya: ni kati ya Magharibi na Isha. Jua limezama, anga bado ina rangi, taa zimewashwa. Kabla ya hapo neoni inaonekana kama uzi uliopauka. Baada ya hapo anga ni jeusi, bango linaelea gizani, na umepoteza jengo, nguzo na mahali. Unachotafuta ni zile dakika ambazo anga na bango vinalingana kwa mwanga, na mara nyingi huwa kuanzia dakika 10 hadi 30 baada ya jua kuzama. Tucumcari, mwezi Juni, hiyo ni baada ya saa mbili usiku, basi kula mapema.

Fika nusu saa kabla. Simamisha tripodi, pata fremu yako, kisha usiiguse. Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, tundu la lenzi f/8, shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sehemu ya 1/15 ya sekunde, halafu piga kila baada ya dakika mbili huku ukipunguza kasi ya shata kadiri giza linavyoingia. Usichague wakati ule ule. Jicho lako linadanganywa na rangi. Utachagua ukiwa kitandani.

Hatari kubwa ni nyekundu. Mrija wenye gesi ya neoni tupu hutoa nyekundu ya kuelekea chungwa. Buluu hutoka kwa agoni iliyochanganywa na zebaki, na rangi nyingine nyingi ni kioo kilichotiwa rangi au unga ndani. Kamera ikizidishiwa mwanga, nyekundu hiyo inaungua kwanza, inageuka njano, kisha nyeupe, na haitarudi tena. Kwenye histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha mwanga wa picha, tazama rangi moja moja, si ule mlima mmoja wa kijivu ambao utakuambia mambo ni shwari wakati nyekundu imeshateketea. Punguza mwanga hatua moja, hata mbili. Piga faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata. Na ule mpangilio wa rangi ya mwanga, wenye alama za jua, wingu na balbu, uweke kwenye jua uache hapo. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, kila picha itatoka na buluu yake.

Jambo jingine ni kupepesa. Umeme wa Marekani hufanya mirija hii iwake na kufifia mara 120 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho lakini si kwa kamera. Ukitumia 1/500 utapata bango lenye nusu iliyofifia na utadhani kamera ni mbovu. Kaa kwenye 1/60 au pole zaidi ya hapo. Nyumbani Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa mizunguko 50, tumia 1/50.

Mabango yanayocheza yana fitina zake. Pale Mesa, Arizona, nje ya Route 66, kwenye Starlite Motel, kuna mwanamke wa neoni anayeruka majini kwa hatua tatu. Bango ni la 1960. Dhoruba ililiangusha Oktoba 2010, likatengenezwa na kuwashwa tena 2013. Ukiacha shata wazi sekunde kadhaa utapata wanawake watatu hewani kwa pamoja, na picha hiyo inapendeza. Lakini piga pia kila hatua peke yake, kwa sababu hivyo ndivyo dereva alivyoliona. Hesabu mzunguko wake kwanza, kimya, kama anayejifunza ngoma, ndipo ubonyeze.

Wenye simu: gusa bango kwenye kioo na ushikilie hadi simu ifunge hapo, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka uone mrija wenyewe badala ya wingu la mwanga. Zima flashi. Ule mpangilio wa usiku unaofanya kila kitu kionekane kama mchana, uzime pia. Huo umetengenezwa kufuta kile kile ulichokuja kukifuata.

Hatua ya 6: Kubisha hodi

Kisheria, Marekani, ukisimama kwenye njia ya watu wote unaweza kupiga picha ya kinachoonekana kutoka hapo. Kuvuka uzio au kuingia jengo lililoachwa ni kosa, na zaidi ya polisi kuna mbao zilizooza, nyoka, na nyaya za bango ambazo transfoma yake inaweza kutoa volti 15,000. Usiguse mrija wowote, hata uliokufa. Na usisimame ukingoni mwa zile barabara kuu mpya, toka kwanza.

Lakini sheria si kila kitu. Mwanamume mweusi na tripodi, jioni, mji wa watu elfu mbili: nimejifunza kuanzia ofisini. Naingia, nasalimia, naeleza ninachofanya, naonyesha picha mbili tatu kwenye simu. Ikiwezekana napanga chumba hapo hapo. Mara nyingi mtu wa kaunta ndiye anayewasha bango, na ukimwomba vizuri ataliwasha dakika kumi mapema. Dakika kumi hizo, kwa hesabu ya hatua ya 5, ni nusu ya muda wako wote.

Moteli nyingi za Marekani zinamilikiwa na familia zenye asili ya Gujarat, na baadhi walipitia Afrika Mashariki kabla ya kufika huku. Mara moja, kwenye moteli nisiyoitaja, mama wa kaunta alinitazama nikiandika jina langu akauliza natoka wapi. Nilipomwambia, akasema kwa Kiswahili safi, "Mimi wa Mwanza." Nikajikuta nimeinama kidogo. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Sasa hilo bango unalipigia nini? Herufi moja imekufa." Aliliwasha saa nzima kabla ya muda wake.

Hatua ya 7: Uliza bango lilikuwa la nani

Hatua hii haihitaji kamera. Rangi hizi tamu zina upande wa pili. Miaka ya 1950, neno la neoni lililosema kuna nafasi halikuwa na maana moja kwa kila msafiri. Victor Hugo Green, mtu wa posta wa Harlem, alianza 1936 kuchapisha Green Book, orodha ya hoteli, migahawa na sheli ambako Mmarekani mweusi angehudumiwa bila kufukuzwa, ikaendelea kutoka hadi miaka ya 1960. Maktaba ya Umma ya New York imeweka matoleo mengi mtandaoni. Fungua mji unaokwenda, nakili anwani, kaone kilichobaki. Mara nyingi ni kiwanja tupu. Piga kiwanja hicho. Mara nyingine kuna kitu: kule Luther, Oklahoma, sheli ya familia ya Threatt, Wamarekani weusi, bado ni jengo la mawe kando ya Route 66.

Nje ya njia hii, Memphis, lipo bango la Lorraine Motel, manjano, nyekundu na buluu, zuri kama lolote nililotaja. Kwenye roshani ya moteli hiyo ndipo Martin Luther King Jr. alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, na leo ni makumbusho. Nililipiga siku yenye mawingu, kwa makusudi, na jengo likiwa ndani ya fremu. Bango peke yake juu ya anga la buluu lingekuwa uongo.

Hatua ya 8: Nyumbani, mbele ya kompyuta

Nyoosha nguzo, rudisha nyekundu iliyokaribia kuungua, shusha anga kidogo. Ishia hapo. Nyaya za umeme usizifute. Zilikuwepo, na ndizo zilizolilisha bango. Kila faili iandike mji, jimbo, jina la mahali, tarehe, saa, na umesimama upande gani ukitazama wapi. Ukiandika "uso wa mashariki, kutoka ng'ambo ya barabara", mtu wa mwaka 2050 ataweza kusimama pale pale. Weka nakala mbili kwenye diski tofauti, moja iwe nje ya nyumba yako. Kuuza picha kama mapambo ya ukutani ni jambo moja. Kuweka nembo ya kampuni inayofanya biashara kwenye fulana ni jambo jingine, hapo uliza mwanasheria kwanza.

Na mtumie mwenye bango picha iliyochapishwa, kwenye karatasi. Nilimpelekea yule mama wa Mwanza. Simu ikaja baada ya wiki moja.

"Mwanangu, picha nzuri. Lakini herufi iliyokufa mbona hukuiwasha?"

Nikamweleza kwamba sibadilishi. Akasema yeye hahitaji ushahidi wa herufi iliyokufa, anaiona kila usiku. Nikachapisha ya pili, herufi zote zinawaka, kwa ajili ya ukuta wa kaunta. Nyuma yake nimeandika kwa penseli ni herufi gani niliyoiwasha.